Jiliwa la Kumi na Mbili

Kwa Fundi Kornelio,
Temeke, nyuma ya kisima,
Dar es Salaam.
Jumapili, 14 Novemba 1954

Mpendwa shemeji Anselmo,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la msumeno, nawe wajua kwangu vumbi hilo halijapata kwisha. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Bukoba, pamoja na mkeo Avelina na mtoto Auleria. Je, kifua cha mtoto kimepona? Na wewe, umeshazoea ndizi, au bado wazunguka nyumba za watu kuuliza ugali wa muhogo kama ulivyokuwa ukitufanyia hapa?

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ukitaka kujua hali yangu, mwili ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini hilo lilianza kulalamika kabla wewe hujaota ndevu. Tumbo limepungua. Marehemu dada yako alilipigania jambo hilo miaka kumi na minane asishinde, nami nimempa ushindi sasa, wakati hayupo kuuona.

Barua yako ya mwezi wa Agosti niliipata. Nisiisingizie posta. Ilifika salama, nikaisoma nimesimama, kisha nikaiweka chini ya kopo la gundi. Kila nikiinua kopo naiona, kila nikiiona nalirudisha kopo. Hivi sasa ina duara la gundi katikati ya karatasi, na maneno yako mawili yamefunikwa. Hayakuharibika mengi, maana kwa mwandiko ule wako wa kuku aliyekanyaga wino, hata kabla ya gundi nilikuwa nabahatisha.

Lakini ombi lako nililisoma vizuri. Uliandika kwamba hukumzika dada yako, hukulishika hata jeneza, na kwamba hutaki nguo wala chombo, ila nikutumie lile jiliwa lako dogo la kubania mbao, uliloniachia ulipoondoka, ili nawe ushike alichokuwa akikishika yeye kila siku.

Shemeji, jiliwa lile siwezi kukutumia. Si kwamba nakunyima. Nitakueleza lilipo, ila niache nizunguke kidogo kwanza, maana njia ya mkato ya kufika huko ina miiba, nami nimeipita mara moja tu na nyayo bado zinauma.

Unalikumbuka banda langu la uani. Urefu futi nane, upana futi sita, na mwenyewe ndani yake nachukua futi tatu nikivuta pumzi. Majiliwa yalikuwa kumi na moja, yale niliyoyachukua kwa yule fundi Kalasinga aliyekuwa akirudi kwao, na lako la kumi na mbili. Ulipoondoka wewe yalikuwa bado yamerundikwa pembeni kama kuni, nyuma ya mlango. Mlango ukawa haufunguki hata nusu. Dada yako Bernadeta, mwembamba, alipita ubavu. Mie niliingia kwa kusukumwa. Siku moja nilikwama pale mlangoni, kopo la gundi ya moto mkononi, nikaita. Dada yako akatoka mbio kwenda kwa jirani, Bi Chausiku. Nikadhani ameenda kutafuta msaada wa kunikwamua. Kumbe alimwita aje anione.

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akayatazama yale majiliwa.

“Fundi wa watu,” akasema. “Kabati la katekista umelitia rafu sita. Vyombo vyako mwenyewe vimelala sakafuni kama walevi.”

“Nitavitengenezea mahali. Kesho.”

“Kesho hiyo nimeolewa nayo,” akasema.

Hakuningoja. Mimi nilipokwenda Kurasini kutafuta mbao za makasha, yeye alisafisha ukuta, akaegemeza ubao wa futi nne, akachukua kipande cha mkaa. Niliporudi nilimkuta anashikiza jiliwa moja moja juu ya ubao na kulizungushia mkaa, kama mtu anayechora mguu wa mtoto apate kumnunulia viatu. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kifundi kwamba majiliwa kumi na mawili hayaenei katika futi nne hata yabembelezwe. Akaniuliza kama sikuzaliwa katika nyumba ya watoto wengi.

“Yalaze mzungu wa nne,” akasema. “Hili kichwa juu, hili kichwa chini.”

Nikajaribu. Shemeji, yaliingia! Kiuno cha hili kikapokea tumbo la lile, yale mafupi yakakaa katikati ya marefu, na bado ubao ukabaki na nafasi ya kiganja. Nikaupigilia ubao ukutani na vijiti vya kuyashikia, na mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta kwa nyuma. Mlio ule sikuwahi kuusikia tangu nilipolijenga banda. Bernadeta akaufungua na kuufunga mara tano, bure tu, kwa raha.

Nassibu, seremala wa Keko, aliposikia akaja kuiga. Nikampa maelezo yote nimeweka mikono nyuma kama mwalimu, namna nilivyofikiri, namna nilivyopima. Dada yako alikuwa ameinamia ungo anapepeta mchele, na mabega yake yalikuwa yakinicheka. Nimemwambia Nassibu ukweli juzi, baada ya miaka minne. Akasema alijua siku ileile.

Sasa kuna jambo moja la kazi yetu ambalo wewe unalijua nusu. Gundi ile ya kuchemsha haingoji mtu. Ukiisha kuipaka una muda wa kusema Baba Yetu moja, ukifika Amina imekwisha kupoa. Kwa hiyo tulikuwa tukibana wawili. Mimi nakaza parafujo, yeye amesimama upande wa pili anautazama mwungano wa mbao. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa na nguvu nyingi na akili kidogo, nikakaza mpaka nikapasua ubao wa mninga wa mtu. Tangu hapo akawa ananiambia, polepole, polepole. Baadaye likafupika. Gundi ikitokeza kwenye mwungano kama jasho la shanga, anasema, “Pole.” Nami nasimama hapo hapo. Sikuangalia gundi tena, sikuangalia ubao. Niliisikiliza sauti yake tu. Miaka kumi na minane mkono wangu umefundishwa neno moja.

Na jiliwa lako dogo lilikuwa lake. Nikiisha kukaza makubwa yote, yeye ndiye aliyekuwa akilitia la mwisho, mahali penye ukaidi, na kulikaza kwa vidole vyake mwenyewe. Unaukumbuka mkono wa jiliwa hilo, kile kijiti cha kuzungushia parafujo, ulichokichonga wewe kwa mti wa mpera baada ya kupoteza kile cha chuma? Ulikisugua kwa msasa siku mbili, tukadhani utakimaliza. Hata kigoda ulichotutengenezea ulikipiga msasa mpaka miguu ikawa ya korongo. Dada yako alikuwa akikitukana kila siku, na hakumruhusu mtu mwingine akikalie.

Alilala siku tisa kwa homa ya mapafu. Haya niliyaandika katika barua ya kwanza, sitayarudia. Alhamisi ile alfajiri alikwenda, nikakupelekea simu ya maandishi. Najua ilikufikia Jumamosi, na meli na treni zisingekuleta hata kama ungeota mabawa. Kwa hiyo acha kujilaumu, shemeji. Wa kulaumiwa nakuletea sasa hivi.

Watu walinikataza nisichonge jeneza mwenyewe. Mzee Kondo, unamjua, Mmatumbi, mtani wetu, alisema fundi hanyoi kichwa chake. Nassibu alikuja na vyombo vyake afanye yeye. Nikakataa. Nilikuwa na mbao za mninga nilizoziweka kwa ajili ya kabati lake mwenyewe, kabati nililomwahidi tangu mwaka ule wa Kurasini. Nikasema atapata kabati lake.

Na misumari sikutaka. Yeye alikuwa akisema msumari ni wa fundi mwenye haraka. Wakati mmoja, tukimaliza jeneza la mtu wa bandarini, aliniambia kwa mzaha, “Langu usinigongee misumari, Kornelio. Utaniamsha.” Tukacheka. Basi nikakusudia kuunga kwa gundi, na kufungia kwa vijiti vya mpingo kama wanavyofanya wazee wa kwetu.

Mchana ule nikabandika gundi motoni. Sanduku lilikubali bila matata. Kifuniko ndicho kilichotaka mbao mbili kuunganishwa kwa urefu. Nikapaka gundi, nikazishusha pamoja, nikaanza kukaza. Na banda langu, wajua, liko njiani, mtu akitoka barabarani kuingia uani kwenye msiba hana budi kupita mlangoni pangu. Mlango ulikuwa wazi mpaka ukutani.

“Pole, fundi,” akasema mtu.

Mkono ukasimama.

Nikajikumbusha, nikaendelea. Akapita mwingine. “Pole sana, baba.” Ukasimama tena. Wakaja wanawake wa Legio ya Maria, kumi na wawili, mmoja nyuma ya mwenzake. Pole, Kornelio. Pole, ndugu yetu. Pole. Pole. Watu wema wote, shemeji, sina wa kumlaumu. Walikuwa wananifariji, na kila faraja mkono wangu unaisikia kama amri yake. Nilikuwa nikisikia neno, nainua macho upande wa pili wa meza, namkuta hayupo. Mpaka walipokwisha kupita, gundi ilikuwa imepoa. Nikalitia jiliwa lako mahali pa mwisho, kichwani. Nikalikaza mimi. Sikujua nimefika wapi, kwa kuwa aliyekuwa akijua ndiye tuliyekuwa tukimtengenezea.

Ijumaa saa tatu, katekista Fransis amekwisha kuvaa, nikayafungua majiliwa makubwa, moja moja, nikayarudisha ukutani, kichwa juu, kichwa chini. Kifuniko kikashika. Nikalilegeza lako, na pale kichwani mbao zikaachana. Ufa si mkubwa. Ukucha unaingia. Lakini mimi, niliyewacheka mafundi wa mji mzima, niliona kama mlango wa kanisa.

Nikalikaza tena. Ukafumba. Nikalilegeza. Ukafumbuka.

Mzee Kondo alikuwa amesimama mlangoni. Kazi ya mtani ni kusema lisilosemwa, naye hakuiacha kazi yake. “Lo! Fundi Kornelio! Miaka yote hii ulimtia mkeo katika nyumba inayovuja, na huko nako wataka avujiwe?” Wanawake uani wakacheka na kulia kwa pumzi moja. Mimi nilicheka pia. Kisha Kondo akaingia, akaniwekea mkono begani, akasema chini kwa chini, “Piga msumari mmoja, ndugu yangu. Mmoja tu. Nani atajua?”

Nikachukua msumari. Nikachukua nyundo. Nikasimama navyo, shemeji, sijui muda gani. Sikuweza. Naye alikuwa amelala pale pale ndani ya nyumba, chumba cha pili.

Bi Chausiku ndiye aliyenitoa nyundo mkononi. Akalitazama jiliwa, midomo yake miwili imeuma kingo za kifuniko barabara, akasema, “Liache hapo hapo. Si lake? Kwani huko aendako hakuna kazi?”

Katekista Fransis akaja kuangalia kinachotukawiza. Akakiona kile chuma juu ya jeneza. Nikamweleza. Alifikiri kidogo, maana ni mtu wa kufuata kitabu, kisha akasema, “Sijaona mahali palipokatazwa.” Tukatoka.

Hilo ndilo jibu la barua yako. Jiliwa lako liko makaburini, juu ya kichwa cha dada yako, linabana mwungano alioukosea mumewe. Ulimwomba shemeji yako kitu kimoja katika maisha yako, na ndicho kitu kimoja alichokizika. Tena si kwa heshima, wala si kwa mila. Ni kwa sababu ya kazi mbovu. Watu wa hapa wanasimulia kwamba nililiweka kwa mapenzi, na mimi miezi mitano nimewaacha waseme hivyo. Wewe sikuweza kukuacha useme hivyo. Yule ni dada yako, amelala chini ya ufa wangu.

Tangu wakati ule kazi haiendi. Nimebana mara mbili tu. Ya kwanza niliogopa kukaza, meza ikaachana mwenye nayo akiwa bado anaibeba. Ya pili ilikuwa fremu ya kioo cha kabati la harusi. Nikakaza, nikasikiliza. Nikakaza. Msiba umekwisha, watu wamerudi kwenye shughuli zao, hakuna tena anayepita mlangoni na kuniambia pole, nami sijui pa kusimama. Ubao ukalia kama kuku, ukapasuka toka mwanzo hadi mwisho.

Ubao wa majiliwa uko vilevile ukutani. Yako kumi na moja, na katikati alama ya mkaa ya lile lako, kichwa chini. Nassibu alipoona pana nafasi akaniuliza kama aning'inize msumeno wake siku anazokuja kunisaidia. Mahali ni padogo, alisema kweli, banda lenyewe unalijua. Nikamwambia pana mtu.

Sasa sikiliza neno la mwisho, ndilo lililonifanya nikae leo baada ya misa nikainua kopo na kuitoa barua yako. Tulipofika kaburini, wale wa kamba wakasema mkono wa jiliwa umetokeza pembeni, utakwaruza udongo na kunasa kamba. Kwa hiyo niliinama nikauchomoa, nikautia mfukoni mwa koti, tukamshusha. Koti lile sikulivaa tena mpaka juzi, siku ya Marehemu Wote. Nikatia mkono mfukoni nikaukuta.

Nimefikiri siku kumi na mbili kama nibaki nao. Nilikwisha kuutundika kwenye ile alama ya mkaa. Lakini ni wewe uliyeuchonga, na yeye ndiye aliyeushika, mimi katika habari hii nina sehemu ya mfuko tu. Nakuletea. Na jiliwa lenyewe lisikusumbue tena. Halina mkono sasa. Hakuna wa kulilegeza.

Nisalimie sana Avelina, mwambie kahawa aliyoniletea inanikesha kama askari. Mbusu Auleria, mwambie babu yake mnene amekonda. Bi Chausiku anakusalimu, Nassibu anakusalimu, na Mzee Kondo anauliza ni lini utarudi kulipa faini ya kutohudhuria, anataka jogoo. Mama yenu Rosalia huko Ndanda nimemwandikia, ila habari ya ufa sikumwandikia, nawe nakuomba usimwandikie.

Mungu awalinde katika ziwa na katika nchi kavu, awape kuzeeka mkisikilizana. Na kwa mara ya kwanza tangu Juni natamka neno hili mwenyewe, nalitamka likiwa na maana zake zote mbili. Pole, Anselmo.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa moyo uliobaki,
Kornelio

Nimesahau. Mkono nimeufunga katika kipande cha kanga yake, ndani ya kopo la chai, nitamkabidhi mtu wa treni Jumatano. Ukiufungua utaona upande mmoja umelika, pana bonde dogo linalong'aa. Hapo ndipo kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa. Nakujua wewe, shemeji. Usiupige msasa.